Usinisahau Chini ya Dirisha Lililozibwa

Nyinyi mnaouza miche kando ya barabara hapa Bariadi, mlioanza kazi na simu mkononi, mmeniomba niwape siri ya kuotesha maua. Sina siri. Nina magoti mabovu, mgongo uliokataa kunyooka, na miaka mingi ya kuua mimea ya watu. Mtunza bustani anayekwambia hajawahi kuua mmea, muulize jembe lake liko wapi. Lakini mmeniletea kilo mbili za sukari, na mimi sukari ya watu sinywi kimya kimya, kwa hiyo nitawaeleza habari za ua moja dogo la bluu linaloitwa usinisahau. Nimeliotesha kwa shida kuliko ua lolote. Liko sehemu moja ambayo mpaka leo sipiti bila kupiga hodi.

Kazi nilifundishwa na Mzee Jilala, mtunza bustani wa masista kule Nyashimo, mtu mfupi mwenye hasira ndefu. Siku ya kwanza alinionyesha mahali pa kutengeneza tuta la kabichi. Nikainua jembe. Kabla halijatua, akaudaka mpini.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza nini, mzee?"

"Nani amelala hapa."

Nikacheka, maana nilidhani ananitania. Yeye hakucheka. Aliniambia kwamba sisi Wasukuma tunawazika watu wetu nyumbani, halafu miaka inapita, zizi linahamishwa, nyumba inaanguka, ukoo unafuata malisho kwingine, na aliyelala anabaki hana hata jiwe la kumwonyesha. Atakayekuja kumgusa wa kwanza ni mtu wa bustani. Kwa hiyo, kabla hujachoma jembe kwenye mji wa mtu, yaani boma lake, muulize mwanamke mkubwa kuliko wote pale ndani.

"Kwa nini mwanamke?" nikauliza.

"Wanaume wanajua makaburi waliyochimba wanaume," akasema, akanirudishia jembe.

Sikumwelewa, na niliona haya kuuliza mara ya pili. Lakini sheria yake niliishika. Kila mji nilioingia niliuliza kwanza. Wengine walinicheka, wengine walisema, pale penye minyaa usiguse. Niliuliza kila mahali, isipokuwa nyumbani kwa Mwalimu Kabula.

Nilifika kwake nikiwa nimechoka na bustani za maofisi. Bariadi ilipofanywa makao ya mkoa, kila mkubwa alitaka ukoka mbele ya mlango na mitende miwili iliyosimama kama askari. Nilimwagilia ukoka wa wakubwa kiangazi na masika mpaka nikachukia rangi ya kijani. Mwalimu yeye alikuwa amestaafu ualimu mkuu wa shule ya msingi, mjane, anaishi peke yake katika nyumba ya zamani pembeni mwa mji. Mumewe aliijenga kwenye mji wa wazazi wake, enzi hizo pamba ikifika mpaka ukutani. Sasa majirani ni nyumba za kupanga na gereji ya bodaboda.

Ndani kulikuwa na makochi yenye vitambaa vya kufuma, na kabati la vitabu. Mwalimu alikuwa anasoma gazeti mpaka matangazo ya minada. Mtu wa namna hiyo, nitamuulizaje habari za waliolala? Niliogopa kuonekana mshamba. Na pale mbele ya nyumba kulikuwa na kaburi la mumewe, limesakafiwa vizuri, lina msalaba. Nikajiambia swali limeshajibiwa. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika kazi hii, kubwa kuliko yote nitakayowasimulia, nanyi mnaweza kuliandika kwenye simu zenu.

Kitu kimoja nilikiona siku ile ile. Ukuta wa nyuma ulikuwa na dirisha lililozibwa kwa tofali. Plasta yake ilikuwa na rangi tofauti, kwa hiyo umbo la dirisha lilibaki pale ukutani. Nilipomuuliza, Mwalimu alisema, "Upande ule jua lilikuwa kali." Upande ule ni wa mashariki, na hakuna mtu hapa kwetu anayeziba dirisha kwa sababu ya jua la asubuhi. Lakini nyumba haikuwa yangu.

Mbegu alileta Doto, binti yake, aliyekuwa anafanya kazi Njombe, kwenye baridi. Alikuja likizo na bahasha ya kaki, ndani yake mbegu nyeusi zinazong'aa, ndogo kuliko za mchicha. Alisema kule maua yake yanaota kando ya mifereji bila kuulizwa na mtu, na kwamba mama yake anapenda bluu. Aliponitajia jina la ua nilishangaa. Nimezoea maua yenye majina ya kutulia, waridi, yasmini. Hili linakuamrisha.

Sasa ninyi wa hapa hamhitaji kuelezwa, lakini kama kuna mgeni kati yenu asikie. Kwetu pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto. Huwezi kusema jina lako Doto, katika mkoa huu, mtu asikuulize Kulwa yuko wapi. Ni kama salamu. Siku ile dereva wa bajaji aliyemtoa stendi alimuuliza huku anashusha begi. Doto akajibu, "Hayupo," akaingia ndani haraka.

Jioni tulikuwa tunachambua choroko jikoni, akaniambia mwenyewe. Kulwa alikufa kabla wao wawili hawajatolewa nje kuoneshwa kwa watu. Hajui alizikwa wapi. Amemuuliza mama yake tangu akiwa msichana, na jibu ni moja, yaache hayo.

"Mayu," alisema, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, "mimi nimeulizwa Kulwa yuko wapi mara nyingi kuliko nilivyoulizwa hali yangu. Njombe hakuna anayeniuliza, ndiyo maana nikakaa huko. Ningejua alipolala, ningekuwa na la kujibu."

Nilimwonea huruma sana. Nilikazana na choroko.

Basi, kupanda. Mwaka wa kwanza nilizipanda kama mtoto wa mkulima wa pamba, maana ndivyo nilivyo. Nilichimba mashimo kwa kamba, jua la wazi, mbegu tatu tatu, nikafukia kina cha kidole. Hakikutoka kitu. Mbegu ya usinisahau ukiifukia hivyo umeizika. Haitaki kina, inataka kulazwa juu ya udongo uliochanganywa na samadi ya zamani iliyokwisha joto, kisha uinyunyizie mchanga mwembamba kwa vidole, basi. Maji ni ya kopo ulilotoboa kwa msumari, asubuhi, kwenye shina. Ukiyamwaga juu ya majani, unakaribisha ukungu mweupe. Na uzipande masika, ili maua yakutane na ubaridi wa mwezi wa sita na wa saba. Ua hili ni mgeni wa baridi. Mgeni humwekei kiti juani.

Mwaka wa pili nilizipanda kwenye kivuli cha simtanki, lile tangi la maji lililo kwenye kona ya nyumba, zikatoka. Mwezi wa sita kulikuwa na maua ya bluu yenye jicho la njano, madogo sawa na ncha ya kidole. Mwalimu alikuwa anatoka na fimbo yake kuja kuyaangalia, anasema, "Limi, umefaulu." Nilitembea wiki nzima nikiwa nimevimba kichwa.

Kisha yakakauka, nami nikafanya kosa ambalo halifanywi na mtu wa Njombe wala wa Lushoto. Sisi wa pamba tumelelewa na amri moja. Ukimaliza kuvuna, ng'oa kila shina, kusanya masalia yote, choma, wadudu wasipate pa kulala mpaka msimu ujao. Basi nikang'oa usinisahau yote, nikayafunga kitita, nikayaburuta kuzunguka nyumba mpaka jalalani, nikatia kiberiti. Nilijiona mfanyakazi hodari. Kumbe mbegu zilikuwa ndani ya yale makavu, na ule moto ulikuwa unateketeza bustani ya mwaka ujao. Ua hili likikauka, liache lisimame, litajitikisa lenyewe.

Mwaka wa tatu, chini ya simtanki hapakuota kitu. Nikaenda nyuma kutupa takataka, nikayakuta.

Yalikuwa chini ya dirisha lililozibwa. Ni kweli, njia ya kitita changu ilipita pale, na mbegu hudondoka zikiburutwa. Nilijiambia hivyo mara nyingi. Lakini kitita kilipita ukuta mzima, na maua yalikuwa mahali pamoja tu. Mimi hupima kila kitu kwa mkono, ndiyo rula yangu. Nikalaza mkono pale chini. Urefu ulikuwa kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole, upana viganja viwili. Kingo zilikuwa zimenyooka, kama tuta lililotengenezwa na mtu mwenye muda.

Nilichukua miche sita nikaihamishia mbele, kivulini, udongo mzuri. Siku ya tatu yote ilikuwa imelala. Nikairudisha ilipotoka nikiwa sina matumaini, ikasimama. Kuku wa Mwalimu, ambao walikuwa wanafukua hata ukoka wa jirani, walikuwa wakifika pale wanazunguka. Wanapita pembeni kimya kimya, mmoja nyuma ya mwingine, halafu wanaanza tena kufukua upande wa pili. Saa saba mchana, wakati vumbi linapozunguka uani na bati linalia kwa joto, nilikuwa nikipita pale nasikia ubaridi kwenye vifundo vya miguu.

Kilichonitisha zaidi ni maji. Upande ule hakuna bomba, na bafu la zamani lilikuwa limebomolewa. Udongo ulikuwa mkavu hatua moja kulia na hatua moja kushoto. Lakini pale penye maua, kila asubuhi nilipofika saa moja, palikuwa pameloa. Sikuwa nimemwagilia mimi.

Wakati huo Mwalimu alikuwa ameanza kupotea. Aliweka chumvi kwenye chai mara mbili. Aliniita kwa jina la dada yake. Kutoka kitandani mpaka kwenye kochi alihitaji fimbo mkono mmoja na ukuta mkono wa pili. Kwa hiyo yeye sikumfikiria kabisa. Niliwafikiria majirani, nikafikiria na mambo mengine ambayo Jumapili kanisani huwa tunasema hatuyaamini.

Siku moja jioni, kabla sijaondoka, nilichekecha majivu ya jikoni nikayatandaza kuzunguka yale maua. Asubuhi nikakuta nyayo. Zilikuwa za mtu mzima, peku, zimekanyaga sawa kulia na kushoto, na hapakuwa na alama ya fimbo. Nilizifuata mpaka mlango wa jikoni. Nikaingia chumbani. Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, amejifunika kanga miguuni. Niliifunua kidogo. Nyayo zake zilikuwa nyeupe kwa majivu.

"Mwalimu, umetoka nje?"

"Nitoke niende wapi, Limi, kwa miguu hii?"

Hakuwa anadanganya. Namjua mtu anayedanganya, nimelea sita. Mwalimu hakuwa anajua. Nilimfuta huku naogopa sana, nyinyi mnaojifanya hamwogopi kitu mnicheke tu.

Kesho yake niliwahi. Saa kumi na mbili kulikuwa kunaanza kupambazuka juu ya gereji, nikakaa nyuma ya simtanki. Saa kumi na mbili na nusu, saa ya kengele ya shule, mlango wa jikoni ukafunguka. Mwalimu akatoka bila fimbo. Alitembea amenyooka, kata ya maji mkononi, kama alivyokuwa akitembea mbele ya mistari ya wanafunzi. Akasimama chini ya dirisha lililozibwa, akainamisha macho kwenye maua, akaita kwa sauti ile ya darasani.

"Kulwa."

Akasubiri. Kuku walinyamaza. Kisha akatikisa kichwa kukubali, akamwaga maji polepole.

"Yupo."

Akainua macho.

"Doto."

Akasubiri zaidi. Akatazama huku na huku uani.

"Hayupo."

Akageuka akarudi ndani. Nilipomfuata baada ya muda alikuwa ameshika ukuta anaitafuta fimbo, ananiuliza kama nimeshakunywa chai.

Mzee Jilala alikuwa amekufa zamani, lakini asubuhi ile nilisikia jibu lake kama analisema sikioni. Kuna makaburi yasiyochimbwa na wanaume. Kichanga kikifariki kabla hakijatolewa nje, wanawake wa nyumba ndio huamka nacho alfajiri, wakakilaza karibu na ukuta, mahali pa ubaridi, bila kilio wala watu. Mama yangu mwenyewe aliwahi kushika jembe hilo. Nilijua desturi hiyo tangu utoto, na miaka yote nilikuwa namwagilia maua ya nyumba ile bila kuuliza.

Nikafanya nini? Sikufanya kitu. Nilimpigia Doto nikamwambia tu mama yako anapotea, rudi. Mengine niliyameza. Siri ya mji wa mtu si ya mfanyakazi kuitembeza.

Doto akaacha kazi yake Njombe, akarudi. Mtoto mwema yule. Akaona mama yake anavyohangaika kufika chooni, akaamua kujenga chumba chenye bafu, kiungane na ukuta wa nyuma, ili mama asitoke nje. Fundi akaja na vigingi na kamba. Ile kamba ya msingi ilipita katikati ya maua ya bluu.

"Haya tutayahamisha," Doto alisema.

"Hayahamishiki," nikamwambia.

"Mayu, ni maua tu."

Walikubaliana kuanza kuchimba keshokutwa. Mchana ule niliingia kwa Mwalimu na kumuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza siku niliyofika. Ilikuwa saa yake nzuri, macho yake yalikuwa yamerudi.

"Mwalimu, chini ya dirisha lililozibwa amelala nani?"

Akalikunja gazeti lake.

"Mama mkwe alisema pacha haliliwi," akasema. "Ukimlilia, anarudi kumchukua mwenzake. Nilikuwa kitandani na Doto amelala titini. Niliwaona dirishani, wanawake watatu, jembe moja. Mmoja amebeba chungu, Kulwa ndani. Mimi sikulia, Limi. Nilimwambia mume wangu alizibe lile dirisha, maana ningelitazama kila siku ningeshindwa."

"Na Doto, mbona hujamwambia?"

"Doto hulia upesi. Nikimwonyesha atalia palepale."

"Na wewe unaamini hayo?"

"Nimefundisha sayansi maisha yangu yote. Siamini," alisema. "Lakini sijawahi kujaribu."

Kisha akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Usimwambie." Nikasema sawa. Sawa nimeisema mara nyingi kwa waajiri, lakini ile niliibeba mpaka nyumbani.

Sikulala vizuri. Nikikaa kimya, jembe la fundi litamtoa Kulwa, na Doto atamwona mwenzake kwenye beleshi. Nikisema, nimevunja ahadi niliyompa mama anayesahau kila kitu isipokuwa hicho. Asubuhi nikaona njia, na kama ni ya ujanja, mnisamehe. Nilimwambia Doto, "Kesho saa kumi na mbili na nusu njoo simtankini tuchote maji. Usivae kandambili." Sikumwambia neno jingine.

Alikuja amejifunga kanga, bado ana usingizi. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu. Nikaweka kidole mdomoni. Mlango ukafunguka. Doto alipomwona mama yake anatembea peke yake, hana fimbo, alinishika bega mpaka likauma.

"Kulwa," Mwalimu akaita.

Doto akaliachia bega langu.

"Yupo." Maji yakamwagika kwenye udongo. "Doto."

Mwalimu alisubiri, akatazama huku na huku, na nilimwona mdomo wake unajiandaa kusema lile neno la kila siku.

"Nipo, Mwalimu," Doto akasema.

Hakumwita mama. Mpaka leo sijui kwa nini hakumwita mama. Alitoka nyuma ya simtanki akasogea pale. Mwalimu hakumgeukia wala hakushtuka, alikuwa anatazama maua yale ya bluu.

"Umechelewa," akasema. "Haya, kaa karibu na mwenzako."

Doto akakaa chini, kwenye tope, pembeni mwa maua. Akayawekea mkono juu. Na kama mama yake alivyosema, hulia upesi. Alilia bila sauti, machozi yanadondokea kwenye majani, na mimi niliyewaambia msilowanishe majani sikuwa na ujasiri wa kumzuia. Mwalimu alimwangalia akilia. Hofu niliyoiona usoni mwake siwezi kuwaeleza. Kisha akainama, akaweka kata yake chini katikati yao wawili, akasema kwa Kisukuma, taratibu, maneno yaliyokuwa ya kwake na wanawe, na sitayarudia hapa. Alirudi ndani ameshika mkono wangu.

Siku hiyo hiyo kamba ilihamishwa upande wa pili wa nyumba. Fundi alinung'unika kuhusu mteremko, Doto akamwambia atanung'unikia huko huko.

Kuanzia hapo Mwalimu hakutoka tena asubuhi. Njia ya kwenda nyuma aliisahau, na kata hakuiulizia. Udongo ulipokauka, Doto akaanza kumwagilia. Mimi nilikuwa namhesabu Doto, kwa kuyaogopa yale maneno ya mama mkwe. Kila nikifika namtazama machoni, nasikiliza kikohozi, nauliza umekula, umelala. Alidhani nimezeeka. Wiki ya tatu, mchana, saa ya lile vumbi, Mwalimu alilala kwenye kochi na gazeti kifuani na hakuamka. Alikuwa mzee, alikuwa mgonjwa, daktari alieleza vizuri tu. Lakini mimi nilifikiri, na ninafikiri bado, kwamba mtu alikuja kuchukua mwenzake, na mama akatangulia mlangoni akasema twende na mimi. Kama ni hivyo, mkono wangu umo. Ninamwombea, na siku nyingine ninamwomba radhi.

Masika yaliyofuata maua yalivuka zile kingo. Yalienda kulia na kushoto, yakazunguka ukuta, yakafika simtankini kwa miguu yake. Mnaweza kusema ni mbegu zilizonasa kwenye kanga ya Doto siku aliyokaa pale, na kwenye kitabu cha kilimo mko sahihi. Kuku sasa wanafukua kila mahali. Miche ninayowagawia inatoka hapo, na haifi mkiihamisha. Mimi nikipita bado napiga hodi.

Nimalizie na siku tuliyokwenda ofisini kuandikisha kifo cha Mwalimu. Dirishani alikuwa binti mdogo wa hapahapa, mchangamfu, kalamu mkononi. Akauliza jina la mleta taarifa.

"Doto," akajibu.

Yule binti akaanza kuandika, na bila kuinua kichwa, kama anavyouliza kila mtu, akasema, "Doto. Na Kulwa yuko wapi?"

Nilimshika Doto kiuno. Nilisubiri lile hayupo la miaka yote.

"Yuko nyumbani," Doto akasema. "Nimemwagilia asubuhi kabla sijaja."

Binti akainua kichwa, akafikiri labda hakusikia vizuri, akatabasamu tu. Akagonga muhuri, akatupitishia karatasi chini ya kioo.

"Haya. Msalimie."

"Zitafika," Doto akasema.